Namna ya Kupima Nafasi ya Mwanafunzi Kuingia Chuo cha Honors Marekani: Mwongozo Kamili

Kila ikifika Septemba naulizwa swali lile lile, na wanafunzi na wazazi wao: "Mwalimu, nina GPA ya 3.8 na SAT ya 1350. Nitaingia Honors?" (GPA ni wastani wa alama za shule, SAT ni mtihani wa kuombea chuo.) Wengi huwa wameshajijibu kabla ya kuniuliza. Wameangalia chuo kikuu kinapokea waombaji wangapi kati ya mia, wakaona ni wengi, wakatulia. Miezi inapita, barua ya chuo kikuu inasema karibu, ya Honors inasema samahani.

Wengine hukosea upande wa pili. Wanaliona neno Honors, wanajitoa wenyewe, hata fomu hawaifungui. Hawa ndio wanaoniuma zaidi, maana kati yao wamo ambao wangeingia.

Kosa lao ni moja: wote wamepima kwa kipimo kisicho chao. Honors College, na ndilo jina utakaloliona kwenye tovuti, ni chuo kidogo ndani ya chuo kikuu kikubwa. Barrett ipo ndani ya Arizona State, Schreyer ndani ya Penn State, Macaulay ndani ya City University of New York. Shahada ni ile ile, lakini madarasa ni madogo, mara nyingi unachagua masomo kabla ya wenzako, unakuwa na mshauri wako, na vyuo vingi vinakutaka umalize kwa tasnifu. Viti ni vichache, na wanaoviwania ni wale wanafunzi bora walioomba chuo kikuu hicho hicho. Ukijilinganisha na chuo kikuu kizima, umejilinganisha na watu ambao hushindani nao.

Kazi hii inataka jioni mbili. Hutapata asilimia, na anayekupa asilimia anabahatisha. Utapata neno moja kati ya matatu, pamoja na orodha ya mambo ambayo bado una muda wa kuyarekebisha.

## Vitu vya kuandaa kwanza

- Transkripti nzima tangu darasa la 9. Kwa walioko Kenya au Tanzania, ripoti za shule tangu Kidato cha Kwanza pamoja na matokeo ya mtihani wa taifa uliokwisha kuufanya.
- Alama za SAT au ACT (mtihani mwingine wa aina hiyo) kwa kila sehemu, si jumla peke yake.
- Wasifu wa shule yako. Hii ni karatasi inayoeleza shule inafundisha masomo gani na wanafunzi wake hupata wastani gani. Mshauri wa masomo anayo, na huituma pamoja na transkripti yako. Wanafunzi wengi hawajawahi kuiona, kwa hiyo iombe.
- Orodha ya shughuli zako zote na saa unazotumia kwa wiki, za nyumbani na za kazini zikiwemo.
- Maswali ya insha ya Honors ya mwaka huu, yaliyonakiliwa neno kwa neno.
- Karatasi kubwa yenye safu nne: chuo, mimi, wao, hukumu.

## Hatua ya 1: Jua mlango uko wapi

Kabla ya kupima chochote, jua Honors ya chuo unachokitaka inaingiwaje. Njia ni tatu, na zinatofautiana sana.

Kuna vyuo vyenye fomu ya peke yake na insha zake. Schreyer ni mfano: unaomba Penn State, kisha unaomba Schreyer. Kuna vinavyoweka insha za Honors ndani ya fomu ile ile ya chuo kikuu, kama Purdue. Na kuna visivyo na fomu yoyote. University of Maryland huwaangalia wote walioomba kwa wakati, kisha yenyewe ndiyo inayoalika.

Hili linabadilisha hesabu. Penye fomu ya pili, wengi huchoka na kuiacha, na wanaobaki ni wale waliotaka kweli. Pasipo fomu, unashindana na kila mwombaji, na fomu yako ya kawaida ndiyo fomu yako ya Honors. Hakuna insha nyingine ya kukuokoa.

Tahadhari: tarehe ya mwisho ya Honors si lazima iwe ya chuo kikuu. Nyingi ziko kati ya Novemba na Januari, na chuo kinachoalika chenyewe kinaweza kuwaangalia wale tu walioomba katika awamu ya mapema. Nimeona mwanafunzi mwenye alama safi akikosa kwa sababu alituma fomu ya chuo kikuu katika awamu ya pili. Hakuna aliyemkataa, hakuwamo kwenye rundo lililosomwa.

Utajua umefaulu ukiweza kuandika sentensi hii bila kurudi kwenye tovuti: "Naingia kwa njia ya …, natakiwa kutuma …, kabla ya tarehe …"

## Hatua ya 2: Tafuta takwimu za Honors yenyewe

Hapa ndipo wengi wanapoanguka, kwa hiyo twende polepole.

Vyuo vikuu vingi vya Marekani hutoa kila mwaka hati iitwayo Common Data Set. Andika jina la chuo na maneno hayo matatu kwenye mtandao, utaipata. Fungua sehemu ya C. Kipengele C7 kinaonyesha chuo kinaweka uzito gani kwenye kila kitu: ugumu wa masomo, GPA, mitihani, insha, barua za walimu. Kipengele C9 kinatoa alama za SAT na ACT za wanafunzi wa mwaka wa kwanza.

Lakini hizo ni za chuo kikuu kizima. Zichukue kama sakafu, kisha nenda kwenye ukurasa wa Honors ukatafute wasifu wa darasa lao la mwaka wa kwanza. Mara nyingi utaona kitu kama "nusu ya katikati: SAT 1350–1490". Maana yake ni kwamba ukiwapanga wanafunzi wote wa darasa lile kwa alama, robo moja wako chini ya 1350, robo moja juu ya 1490, na nusu wamo kati. Namba ya chini si alama ya kufaulu. Mtu mmoja kati ya wanne aliingia akiwa chini yake. Wazazi wengi huisoma kama kizingiti, wakamwambia mtoto aache.

Sasa mitego mitatu.

Mtego wa kwanza ni *waliodahiliwa* na *waliojiunga*. Aliyedahiliwa ni aliyepewa nafasi. Aliyejiunga ni aliyeikubali. Wenye alama za juu kabisa mara nyingi hupata nafasi kwingine na kuondoka, hivyo takwimu za waliodahiliwa huwa juu kuliko za waliojiunga. Ukurasa mmoja unaweza kutoa hizi, mwingine zile. Usilinganishe vyuo viwili kabla hujajua kila kimoja kinaongelea akina nani.

Wa pili ni vyuo ambavyo kutuma SAT ni hiari. Alama unazoziona pale ni za wale waliotuma tu, na aliyepata alama ndogo hakutuma. Kwa hiyo safu imesogea juu kuliko uwezo wa darasa zima. Na vipo vyuo vya Honors visivyoziangalia kabisa: Schreyer haitumii SAT wala ACT katika kuchagua. Anayejipima kwa SAT kuingia Schreyer anapima urefu kwa mizani.

Wa tatu ni GPA. Kuna GPA ya kawaida, ambayo mwisho wake ni 4.0, na kuna ile inayoongezewa pointi kwa masomo magumu, inayoweza kupita 4.0. Ukiona wasifu unaosema wastani wa GPA ni 4.3, hiyo ni ya kuongezewa. Vyuo vingi hukokotoa upya kwa kanuni yao, kwa hiyo GPA ya shule yako na namba atakayoiona msomaji wa maombi zinaweza kutofautiana.

Tahadhari kwa walioko Afrika Mashariki: usigeuze mwenyewe alama za KCSE au daraja la NECTA kuwa GPA kwa jedwali uliloliokota mtandaoni. Peleka alama kama zilivyo, na kama chuo kinataka tathmini, kitakuambia kinakubali ya taasisi gani. Kumbuka pia kalenda. Matokeo ya Kidato cha Sita Tanzania hutoka Julai, na KCSE hufanywa mwisho wa mwaka. Ukiomba ukiwa bado shuleni, chuo kitakusoma kwa ripoti za shule na matokeo uliyonayo tayari. Ripoti ya muhula ambayo hakuna aliyeijali nyumbani inakuwa ushahidi mkubwa.

Utajua umefaulu ukiwa na safu ya "wao" iliyojazwa, na kando ya kila namba umeandika: ya Honors au ya chuo kikuu, ya waliodahiliwa au ya waliojiunga, ya mwaka gani.

## Hatua ya 3: Soma transkripti yako kama anavyoisoma mgeni

Msomaji wa maombi haanzi na wastani. Anaanza na masomo. Anachojiuliza ni kama mwanafunzi huyu alichukua masomo magumu kadiri shule yake ilivyoruhusu.

Weka transkripti na wasifu wa shule ubavu kwa ubavu. Kama shule ina masomo 15 ya AP (masomo ya kiwango cha chuo yanayofundishwa sekondari) na wewe umechukua moja, GPA ya 4.0 haitaficha hilo. Kama shule ina mawili nawe umechukua yote mawili, umefika mwisho wa njia uliyopewa, na msomaji mzuri analiona. Ndiyo sababu nasisitiza ile karatasi ya wasifu.

Kisha fuata mwendo. Aliyeanza darasa la 9 na C mbili kwa sababu Kiingereza kilikuwa bado kigeni, akafika la 11 akiwa na A, anasomeka vizuri kuliko aliyeanza juu akashuka. Kama kuna mwaka uliovunjika, kwa sababu ya kuhama, ugonjwa au msiba, mwombe mshauri aueleze kwa mistari miwili katika barua yake. Sababu isiyoandikwa msomaji hawezi kuikisia.

Utajua umefaulu ukiweza kuonyesha kwa kidole somo gumu kuliko yote ulilochukua kila mwaka, na kusema kwa nini hukuchukua lililo gumu zaidi yake.

## Hatua ya 4: Jilinganishe kwenye karatasi

Nitatumia mwanafunzi wa mfano, na namba za Honors za mfano, ili uone mkono unavyokwenda.

Binti ana GPA ya kawaida ya 3.9 na SAT 1330: kusoma na kuandika 620, hesabu 710. Amechukua masomo manne ya AP kati ya matano yaliyopo shuleni. Honors anayoitaka ina nusu ya katikati ya 1310–1480, na SAT ni hiari.

GPA yake iko vizuri. Masomo yako vizuri sana. SAT imo ndani ya safu lakini karibu na chini. Je, aitume? Wengi wangesema hapana. Mimi ningefungua wasifu wa shule kwanza. Kama wastani wa shule yake ni 980, basi 1330 inaongea kwa sauti kubwa, aitume. Kama wastani wa shule ni 1300, haiongezi kitu, aiache. Tena kama anaomba uhandisi, ile 710 ya hesabu ina uzito wake. Kama anaomba fasihi, 620 itaulizwa.

Andika hukumu ya muda kwa kila mstari: *juu*, *ndani* au *chini*. Usiandike "labda".

Tahadhari: kuwa juu katika kila mstari si tikiti. Wengi wa walioomba wako hivyo. Namba zinakufikisha kwenye meza. Kuanzia hapo insha ndiyo inayoamua.

## Hatua ya 5: Pima insha, maana ndiyo unayoweza kuibadilisha

GPA ya miaka mitatu huwezi kuigusa tena. Insha bado iko mikononi mwako. Walimu wa Honors wanatafuta mtu watakayekaa naye kwenye darasa la watu ishirini hivi akajadili. Barrett, kwa mfano, huwaanzisha wanafunzi wake na semina ya mihula miwili iitwayo The Human Event, ambako kazi ni kusoma, kuzungumza na kuandika. Insha yako ni sauti yako katika darasa lile kabla hujafika.

Kijana mmoja aliniletea insha iliyoanza: "Maisha ya ukimbizi yamenifundisha uvumilivu." Aya nne, na hakuna kitu hata kimoja ambacho ningeweza kukishika. Nikamuuliza anafanya nini jioni. Akasema anatengeneza baiskeli za watoto wa jengo lao, kwa vipuri vya kuokota. Nikamuuliza ni ipi iliyomshinda.

Akafikiri kidogo, kisha akaanza kueleza gurudumu la nyuma lililokuwa likiyumba. Alikuwa akikaza spoku upande mmoja, rimu inavutwa, anakaza nyingine, mwisho gurudumu likawa baya kuliko mwanzo. Siku ya tatu akafunga kipande cha plastiki kwenye fremu, ncha yake ikiwa karibu kugusa rimu. Akawa anazungusha taratibu, anasikiliza inapokwaruza, analegeza upande huu robo mzunguko, anakaza ule robo mzunguko. Alipokuwa akieleza, mikono yake ilikuwa hewani inazungusha gurudumu lisilokuwepo.

Nikamwambia aandike hilo. Swali la Honors lilikuwa linahusu jambo ulilojifunza bila kufundishwa. Alidahiliwa, ingawa barua ya udahili haisemi sababu. Ninachojua ni kwamba insha ya kwanza angeweza kuiandika yeyote, na ya pili ni yeye peke yake.

Pima yako kwa maswali haya, pointi moja kila moja:

1. Nikifuta jina, anayenifahamu atajua ni yangu?
2. Kuna mahali naonekana nikifikiri: nimekosea, nikabadili mawazo, nikauliza?
3. Nimejibu swali walilouliza wao, au nimebandika insha ya chuo kingine?
4. Kuna sababu inayohusu Honors hii hasa: somo, tasnifu, mwalimu, maabara?

Pointi nne, insha inakusukuma mbele. Mbili au tatu, haikudhuru. Chini ya hapo, andika upya kabla ya kusonga.

Tahadhari: usimpe mtu aisafishe mpaka iongee kama mtu wa miaka hamsini. Barua za walimu na alama zako za Kiingereza ziko kwenye faili hilo hilo, na tofauti inaonekana.

## Hatua ya 6: Hesabu na kazi za nyumbani

Hapa watoto wetu wanajipunja kila mwaka. Anaandika "mpira, muhula mmoja", lakini haandiki kwamba kila Jumatano anamtafsiria mama hospitalini kutoka Kiswahili kwenda Kiingereza, kwamba anawapokea wadogo zake watatu kutoka shule, kwamba Jumamosi anafanya kazi dukani kwa muda wa saa nane. Hizo ni shughuli. Zina saa, zina wajibu. Ziandike kwa lugha ya kawaida na kwa saa za kweli.

Muda mrefu katika mambo mawili una uzito kuliko majina kumi ya vilabu.

## Hatua ya 7: Iulize ofisi

Vyuo vingi havitangazi Honors inapokea wangapi kati ya walioomba. Andika barua pepe fupi, kwa heshima, mwanafunzi mwenyewe na si mzazi. Uliza mambo manne: darasa la mwaka wa kwanza lina nafasi ngapi, waombaji walikuwa wangapi mwaka jana, je, mwanafunzi anaweza kujiunga baada ya muhula au mwaka wa kwanza, na kuna ada ya ziada.

Swali la ada si dogo. Barrett hutoza ada yake juu ya karo ya chuo kikuu. Macaulay, kwa upande mwingine, hulipia karo wanafunzi wake wakazi wa jimbo la New York. Nafasi ya kuingia mahali ambapo familia haitaweza kulipia si nafasi, kwa hiyo iandike kwenye karatasi ile ile.

## Hatua ya 8: Toa hukumu

Sasa jaza safu ya nne kwa neno moja.

Nzuri: uko juu au ndani kwa GPA na masomo, mitihani haikuangushi, insha ina pointi tatu au nne, na chuo hakina sifa ya kukataa karibu wote.

Ya kati: uko ndani kwa mengi na chini kwa jambo moja, na jambo hilo lina maelezo kwenye faili.

Ngumu: uko chini kwa mawili au zaidi, au nafasi ni chache mno hata walio juu wanakosa. Programu ndogo zenye ufadhili mkubwa ziweke hapa hata kama namba zako zinang'aa.

Kwenye orodha yako iwepo angalau moja ya kila neno, na kila chuo kikuu ulichokiandika kiwe kile ambacho ungekubali kusoma hata bila Honors. Hilo la mwisho nalisimamia bila kurudi nyuma, kwa sababu ndilo litakalokutokea ukikosa.

Kwa hukumu ya "ngumu", ongeza mstari mmoja chini yake: mlango wa pili upo? Schreyer na Barrett huwapokea pia wanafunzi walioanza chuo tayari, na Barrett huwapokea wanaohamia kutoka vyuo vya jamii (community college, vyuo vya miaka miwili). Macaulay huchukua wa mwaka wa kwanza tu. Penye mlango wa pili, andika GPA ya chuo inayotakiwa na tarehe yake, ubandike karatasi hiyo mahali utakapoiona siku ya kwanza ya masomo.

Rudia safu ya "mimi" mara mbili: alama mpya za SAT zikitoka, na ripoti ya nusu ya kwanza ya mwaka wa mwisho ikitoka. Ripoti hiyo mshauri wako huituma chuoni, na mwombaji aliyewekwa kwenye orodha ya kusubiri mara nyingi husomwa upya kwayo. Muulize mshauri siku aliyoituma, uandike tarehe kwenye karatasi yako.